Posa Yangu Isingojee Kifo cha Papa

Kwa Mzee wangu,
Mkuu wa Stesheni (mstaafu), Mfalme wa nchi yenye bendera ya simba wawili, na, mambo yakienda kama ninavyoomba, Baba Mkwe wangu.

Shikamoo Mzee.

YAH: KUOMBA POSA YANGU ISINGOJEE KIFO CHA PAPA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Mama mzima, na friji yenu nayo inajikongoja. Mimi mwili wangu ni mzima. Ni yule fundi wa friji aliyekuja na mjomba wake kumposa binti yako mpima macho, akapewa kiti cha karibu na kompyuta, na yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Lakini kwa kuwa mlalamikaji mwema huanzia mwanzo, niruhusu nianzie hapo.

Siku ile tulikukuta unacheza ule mchezo wako wa wafalme wa kale, ambao hujauacha tangu ulipostaafu. Mjomba, ambaye ni fundi cherehani na ndiye msemaji wa familia yetu, alikuwa ndiyo kwanza amekohoa ili aseme kwamba tumeona ua katika bustani yako. Papo hapo bomba la jikoni likapasuka, Mama akakuita, nawe ukainuka ukaniambia, "Hebu nishikie hapa, usiguse kitu." Nikashika kipanya. Kwenye kioo nikaona mji wa jirani yako wa mashariki, lango wazi, walinzi wake ni wakulima wawili wenye majembe, na jeshi lako lote limesimama nje linapunga upepo. Mzee, mimi ni fundi. Nikiona kitu kizima kimekaa bila kazi, mkono unaniwasha. Nikabonyeza.

Sikujua kwamba Papa wa mchezo ule (na ieleweke ninamsema wa kwenye kompyuta, wa kweli simo) alikuwa ameshakuandikia amri ya kutomgusa jirani yule. Sikujua kwamba ulikuwa na misalaba tisa kati ya kumi ya upendeleo wake, uliyoichuma kwa zawadi, makanisa na unyenyekevu tangu enzi za mfalme babu yako. Uliporudi mikono inachuruzika maji ulikuta umetengwa na Kanisa, vijiji vitatu vimeasi, na mjomba bado yuko bustanini. Ukasema, "Posa hakuna. Huyu haoi hapa mpaka Papa huyu afe, aje mwingine anisamehe." Mjomba akalimeza ua lake, tukaaga, tukaondoka bila hata kumaliza soda.

Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu kosa lenyewe. Sikatai kwamba nilibonyeza. Ninachosema ni kwamba wewe uliongoza stesheni miaka yote ile bila treni mbili kugongana, na unajua vizuri kwamba mgeni haachwi peke yake na mtambo wa kubadilishia reli. Na tuseme ukweli, Mzee: mji tuliupata.

2. Kuhusu tabia ya Papa. Nimefanya uchunguzi, na ninaomba usikasirike. Huyu bwana umempelekea zawadi kila zamu. Umemjengea kanisa kubwa kwenye mji ambao hauna hata kisima. Alipotangaza vita vya msalaba ulimtoa mwanao wa kwanza, akafia njiani kwa kuhara kabla hajamwona adui. Katika yote hayo yeye amekurudishia nini? Sahani ya jirani hairudi tupu, hata ukitia ndimu mbili. Huyu amekula chakula na sahani yenyewe. Jirani wa mashariki alipokuvamia, tena mara mbili, Papa alinyamaza kama mtu aliyepaliwa. Sisi tumegusa mji mmoja wa wakulima wawili, kengele zimelia dunia nzima. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Sisemi kwamba ana upendeleo. Nimeona tu kwamba jirani yule ana makardinali wanne, nawe unaye mmoja, yule uliyemlea tangu akiwa padri wa kijijini asiyejua kuhubiri.

3. Kuhusu vigezo vyako vya kuoza. Katika ufalme wako kuna binti wa kifalme. Binti huyo ulimtembeza kwa miguu kwa wafalme wanne, mmoja baada ya mwingine, bila mshenga, mvua ikinyesha. Wa nne akamchukua: mwanamume wa miaka hamsini na minane, ambaye kwenye maelezo yake mwenyewe imeandikwa kwamba ni mlevi na mkatili. Hukuuliza anafanya kazi gani. Hukuuliza kwao ni watu wa namna gani. Ulitaka tu meli zako zipite kwenye bandari yake. Mimi sinywi, nina kazi, na mjomba yuko tayari kuulizwa swali lolote. Bandari sina, hilo nakiri. Lakini kwetu ni barabarani, lori linafika mpaka mlangoni.

4. Kuhusu madhara ninayoyapata kazini. Tangu siku ile umeingia kwenye majonzi, unacheza zamu moja tu kwa siku baada ya chai. Papa ana miaka sabini na sita, zamu moja ni miezi sita, na bado anaonekana ni wa chuma. Kila mchana nampigia mpima macho kumwuliza, "Papa anaendeleaje?" Wenzangu wa karakana wananisikia. Sikuwaeleza mapema, na sasa nimechelewa. Wanaamini nina mzee wangu mahututi. Bosi amenipa ruhusa ya Ijumaa nikamwone. Fundi wa rangi, mtu ambaye hajawahi kuitikia salamu ya mtu yeyote asubuhi, alinishika bega akaniuliza kwa upole kama mgonjwa anakula. Nikamjibu anakula vizuri mno, ndiyo shida yenyewe. Tangu hapo wananitazama kama mtu anayengojea urithi.

5. Kuhusu binti yako. Hapa sitanii, Mzee. Siku ya kwanza nilikwenda kliniki kupimwa macho kwa sababu gesi ya friji ilikuwa imenirukia. Akanipima, akasema macho yangu hayana kasoro. Wiki iliyofuata nikarudi nikasema yana kasoro. Akanipima tena, akanionyesha ile mistari ya herufi, nikasoma mpaka jina la kiwanda lililoandikwa chini kabisa, akacheka mpaka akavua miwani. Nampenda. Sijui namna ya kuliandika hilo kiofisi, kwa hiyo nimeliandika hivyo hivyo. Na yeye ameniambia waziwazi, "Papa mmoja nitakungojea. Mapapa wawili siwezi, nina maisha yangu." Namwamini. Ni mtoto wako. Akiinua bendera nyekundu hapiti mtu.

6. Kuhusu mwalimu wa hesabu. Nimesikia kwamba Jumapili alipita "kuwasalimu tu," akakaa kwenye kiti kile kile, mikono mfukoni kuanzia karibu mpaka kwaheri, na kwamba ulimsifu mbele ya Mama ukamwita kijana mwenye mikono iliyotulia. Sina ugomvi naye. Lakini Mzee, mikono iliyotulia haijawahi kutengeneza friji ya mtu.

Kwa sababu hizo ninaomba yafuatayo. Katika kilabu cha pombe cha mji wako wa kaskazini yupo bwana mmoja mwenye kofia iliyomfunika uso, ambaye kwa miaka mingi anakula posho ya ufalme bila kutumwa popote. Naomba apewe safari ya kikazi kwa Papa. Sisemi afanye nini akifika. Kama dhamiri yako inakataa, na najua itakataa kwa sababu wewe ni mtu wa dini, basi cheza zamu kumi kwa siku ili maumbile yenyewe yafanye kazi yake. Na kama hilo nalo ni zito, basi mwondolee Papa mzigo wa posa yangu. Yeye mwenyewe hana habari kwamba naoa, tunamsingizia bure.

Kwa upande wangu natoa ahadi ya maandishi. Sitagusa tena kompyuta yako, wala kipanya chake, wala meza iliyoibeba, hata nyumba ikiwaka moto. Nikija kwako nitaikalia mikono yangu yote miwili, na soda Mjomba ataninywesha. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nami nimeumwa mbele ya mshenga. Mtu uliyemwona siku ile hayupo tena. Huyu anayekuandikia ana subira, anatii amri, na akiona lango wazi anageuza uso.

Jambo la mwisho ni nje ya malalamiko. Siku ile nikiwa sebuleni nilisikia friji yenu inaguna, inanyamaza, kisha inaguna tena. Ni feni ya nyuma. Sikusema kwa adabu, maana mtu aliyetoka kukuangushia ufalme hawezi tena kukukosoa friji. Nitakuja kuitengeneza, iwe nimeoa au sijaoa.

Nisalimie sana Mama, na umwambie bomba lile anifungie kitambaa mpaka nifike. Msalimie mpima macho, ingawa nitamsalimia mwenyewe mchana. Wasalimie makamanda wako waliobaki, kardinali wetu, na yule binti wa kifalme huko alikoolewa, mwambie avumilie. Mjomba anakusalimu na anasema koo lake liko tayari wakati wowote.

Ni mimi ninayesubiri kwa adabu,
Fundi Baridi,
mkwe mtarajiwa, kwa sasa nimetengwa.

Tanbihi: Mzee, barua hii nimeileta kwa mkono wangu. Mama amesema umekwenda kunyoa, akanikaribisha sebuleni nikungojee. Friji nimeshaitengeneza, ilikuwa feni kama nilivyosema. Nikakaa kwenye kiti cha mbali, mikono nimeikalia, Mama ni shahidi. Kompyuta uliiacha inawaka, ukiwa umemaliza zamu yako ya leo na mashine bado inahesabu za wenzako. Ghafla kengele zikalia. Papa amefariki dunia. Mzee, nilitoa machozi, sikutegemea. Kikatokea kidirisha kinachouliza unampigia kura nani, na kilikuwa kinametameta kama mtu mwenye haraka. Nikafikiri: Mzee angekuwepo angemchagua nani? Nikamchagua kardinali wetu. Akashinda! Akatusamehe papo hapo, vijiji vikatulia, misalaba ikarudi yote tisa na wa kumi juu yake. Kwa maneno yako mwenyewe posa ikawa halali, na ningeinuka wakati ule nikaenda kumwita Mjomba, leo ningekuwa mkweo.

Lakini mji ule wa mashariki, ambao waasi walikuwa wamemrudishia jirani, ulikuwa papo hapo kwenye kona ya kioo. Lango wazi. Safari hii mkulima ni mmoja, na nadhani alikuwa amelala.

Tumetengwa tena. Mtoto wetu wenyewe, Mzee, kiti hata hakijapata joto! Nimeangalia maelezo ya huyu Papa mpya: ana miaka thelathini na tisa, hanywi, na anapenda kutembea kwa miguu. Nakuomba usome barua tangu mwanzo kabla hujatazama kioo, hasa pale penye ahadi. Mpima macho alikuwa jikoni na Mama wakifurahia friji, na sasa nasikia ndala zake zinakuja huku. Kengele amezisikia. Anauliza kutoka ukumbini Papa anaendeleaje.