Uzinduzi wa Makazi ya Kudumu ya Msumeno, Hamsta Asiyeshindwa na Kitu

Mheshimiwa Mama, Mlezi wa Nyumba, Mmiliki wa Cherehani na Mwenye Kauli ya Mwisho; Mheshimiwa Bibi, Mshauri Mwandamizi wa mambo yote hata yale asiyoulizwa; Mheshimiwa Shemeji, Fundi wa Mashine za Kufulia, uliyetuolea dada yetu mkubwa na mpaka leo hujamaliza kula kwetu; Ndugu Kitinda, mdogo wangu wa mwisho, mwenye mnyama; na wewe mnufaika mkuu, Msumeno, hamsta, ambaye kwa sasa umo ndani ya sufuria ya Bibi kwa makazi ya muda: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Ni ya Shemeji, anaua mbu.)

Nasimama mbele yenu nikiwa Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Makazi ya Hamsta, cheo nilichokipata kwa kura zote zilizopigwa, nami ndiye niliyezipiga, na wale wanaopita wakisema nimeishia kidato cha pili wajue kwamba kidato cha pili ndicho kilichoishia kwangu, kilikuwa hakina jipya tena la kunifundisha. (Mama: "Fupisha, mwanangu. Chai inapoa.") Nafupisha, Mheshimiwa, kwa kirefu.

Wiki tatu zilizopita, mnyama huyu, zawadi ya jirani yetu muuguzi, mwenye ukubwa wa kiazi na meno ya kiwanda, alitafuna waya wa cherehani, akatafuna kona ya daftari la Kitinda, kisha akamalizia na pindo la gauni la mteja aliyebakiza siku mbili kuolewa. Ndipo Mheshimiwa Mama alipotoa tamko lake la kihistoria, kwamba akimaliza kikombe chake cha chai cha jioni ya leo, na hamsta hana nyumba asiyoweza kuitafuna, basi hamsta anarudi kwa muuguzi na asitokee mtu wa kulia. (Kitinda anachungulia kikombe. Kimebaki zaidi ya nusu.) Nami siku ile ile nilimwambia Kitinda, futa kamasi, mdogo wangu, kazi hii niachie kaka yako.

Na nimeifanya. Nyuma yangu, chini ya shuka hili jeupe lililofungwa utepe, mnaona jengo la kisasa, la mfano, ambalo nitalizindua baada ya taarifa fupi ya utekelezaji. (Bibi anauliza kigoda chake kiko wapi, mgongo unamuuma. Anaombwa asubiri muda wa maswali.)

Kamati, baada ya semina elekezi niliyoifanya mwenyewe nikiwa nimelala kitandani, ilipitisha sera ya upimaji shirikishi, yaani kila nyumba apewe kwanza mhusika aitafune, ili tujue msimamo wake. Awamu ya kwanza tukampa boksi la viatu, makazi ya gharama nafuu. Alikaa humo dakika kumi na moja, nane kati ya hizo akila mlango. Awamu ya pili tukapanda kiteknolojia, tukampa ndoo ya plastiki, na mimi kwa ubunifu wangu nikaitoboa tundu dogo la hewa. Yeye akalianzia hapo hapo, akalipanua kama mtu mwenye mkataba, akatoka bila hata kuaga. Awamu ya tatu ilikuwa kreti la mbao. Hilo alikula ukuta mmoja, akalalia unga wake. (Shemeji: "Mbao nilikukataza." Kicheko.) Mheshimiwa Shemeji, michango yenu tunaipokea kwa maandishi.

Awamu ya nne ndiyo fahari yetu. Tulipata kizimba cha nyaya, chuma kitupu, na mimi nikasema lazima tupime nafasi kati ya waya na waya kwa kutumia mwili wa mlengwa mwenyewe. Nikamchukua Msumeno akiwa ametoka kula mahindi, nikampitisha hapa, kichwa kikakwama, nikampitisha pale, kichwa kikakwama. Nikasaini cheti cha ubora. Mabibi na mabwana, nani angejua kwamba hamsta hubeba akiba mashavuni? Alijifungia kona, akatoa punje moja moja mpaka punje ishirini na mbili, kichwa kikarudi ukubwa wake wa kuzaliwa, akapita kwenye nyaya kama uzi kwenye sindano. (Bibi anacheka mpaka sufuria inatikisika mapajani. Ndani, mkwaruzo.)

Kwa takwimu, asilimia mia moja na nne ya makazi tuliyojenga yametafunwa au kutorokwa. Zile nne za juu ni mguu wa meza. (Mama anainamia meza. Anakunywa funda kubwa.)

Hapa naomba nikiri kwa uwazi kwamba palitokea pendekezo mbadala. Ndugu Kitinda, wa darasa la nne, alileta hoja kwamba pale uani lipo pipa la chuma, lile la ndani ya mashine ya kufulia ambayo Mheshimiwa Shemeji aliifungua tangu mwaka wa arusi yake na hajaifunga. Kwamba pipa hilo halitafuniki, linang'aa, na limejaa vitundu vidogo vya kupitisha hewa ambavyo hata mkia wa hamsta ukitaka kupita utaomba kibali. Kamati ililitafakari kwa kina, ikalitupilia mbali, kwa kuwa halikuwa na andiko la mradi, na kwa kuwa mleta hoja bado anasindikizwa dukani. (Kitinda anamnong'oneza Shemeji. Shemeji anatikisa kichwa kukubali. Kitinda anatoka.) Tunaona baadhi ya wajumbe wakitoka kwa hisia. Ni demokrasia.

Nikirudi kwenye jengo lililopo nyuma yangu, hili lina kapasiti ya kuhudumia hamsta mmoja hadi mia mbili, lina sebule, chumba cha wageni, na ofisi ndogo ya Mwenyekiti. (Uani, kishindo cha chuma.) Sauti hiyo mnayoisikia ni kazi inayoendelea kwa kasi. (Chuma kinaburutwa kuelekea mlangoni.) Kwa kasi zaidi. (Mama anainua kikombe, anamaliza, anakiweka kichwa chini kwenye sahani.)

(Mama: "Chai imeisha. Funua.")

Mheshimiwa, kwa mujibu wa ratiba, kabla ya kufunua kuna dua, kuna ngonjera, kuna picha ya pamoja... (Mama: "Funua, au niende mwenyewe kwa muuguzi na sufuria yangu mkononi.") (Bibi: "Sufuria ni yangu.") (Mlango unafunguka. Kitinda anaingia kinyumenyume akivuta pipa, jasho linamtoka. Ndani lina nyasi kavu, juu lina wavu mnene wa chuma uliofungwa kwa waya pande nne.)

(Kitinda: "Mama, huu wavu nimempima jana akiwa hana kitu mashavuni. Nilisubiri mpaka akatema punje zote.")

(Msumeno anahamishwa. Anauma chuma mara moja. Anauma mara ya pili, upande mwingine. Anakaa chini, anajikuna sikio, anaingia kwenye nyasi, analala. Mama anapitisha kidole chake cha ushonaji kwenye wavu, kitundu kwa kitundu, kama anayekagua mshono.)

(Mama: "Atakaa.")

(Kitinda anakaa sakafuni, amekumbatia pipa.)

Kama tulivyopanga, ndugu zangu, kama tulivyopanga tangu awali. Kamati ilitaka tu kumpa nafasi mtekelezaji wa ngazi ya chini ajiamini. Sasa nikisema "meno", semeni "chuma". Meno. (Bibi, peke yake: "Chuma.") Meno. (Shemeji, mdomo umejaa: "Chuma.") Hamsta kwanza, pindo baadaye. (Mama anakohoa.) Pindo kwanza, hamsta baadaye.

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Mama kwa subira na kwa kunywa polepole. Namshukuru Shemeji kwa kutotengeneza mashine ile, maana angekuwa mchapakazi leo tungelia. Namshukuru Kitinda aliyetekeleza, ndani ya siku moja, mradi ambao mimi niliusimamia kwa wiki tatu bila ya huo mradi kuwepo. Utepe nitaufungua mwenyewe, na shuka nitalirudisha kitandani. Asanteni kwa kunisikiliza. Bibi, kigoda chako hiki hapa.