Mafundi Wetu na Mafundi wa Jirani

Jumatatu, 6 Mei
Nimempelekea chai mkubwa wa kituo chetu cha utafiti. Mwili umetoka, masikio yamebaki. Kumbe Alhamisi anakuja mama wa serikalini, analinganisha mafundi wa maabara za utafiti: wetu na wa nchi jirani, nani ana wengi. Makubwa! Jirani wanao kama siafu. Hapa tunaye mmoja, binti yangu. Anakausha udongo wa mashamba ya watu, anauchekecha, anaupima.

Jioni nimemsimulia. Hakucheka. Akasema jirani wamemwita kazini. Mwiko ukanidondoka. Baba yake ametangulia, dada zake wameolewa mbali. Nyumba nzima ni mimi, yeye na kikohozi changu.

Nimemuuliza anakimbia nini. "Mama, kule nikikwama nina wa kumuuliza. Hapa naongea na mashine."

Basi! Kumbe ni upweke tu. Dawa ninayo.

Jumanne, 7 Mei
Tukionekana wengi, serikali itatupa wengine. Si mwenye nacho ndiye huongezewa? Makoti meupe ya maabara nafua mimi. Nimewapa dereva, mlinzi, na shemeji yangu muuza mkaa. Mfagiaji, hasimu wangu wa miaka, kakubali kwa sharti awe fundi mkuu. Nyang'au! Nimemeza.

Alhamisi, 9 Mei
Binti nimemtuma hospitali akanichukulie dawa, maana uongo hauwezi. Mgeni kafika. Shemeji kapewa chupa, akainusa, akaonja. Mfagiaji kaulizwa anafanya nini, kajibu anasafisha matokeo. Mgeni akaandika! Mkubwa kataka kusema kitu, kasifiwa, kanyamaza. Nimecheka jikoni mpaka kikohozi kikanishika.

Jumatano, 15 Mei
Mkubwa kaniita, uso umemshuka. Kumbe binti aliomba kuondoka zamani, serikali ikamkatalia. Ilimzuia kwa sababu fundi ni yeye peke yake. Sasa imeona tumejaa tele, imemruhusu.

Nimemwambia mkubwa akanushe. Kaniuliza aseme nini, kwamba fundi mkuu anashika ufagio?

Binti kaja jikoni anakimbia, kanikumbatia na masufuria yangu. Eti Mungu kamsikia. Nikasema amina.

Jumapili, 26 Mei
Kaondoka asubuhi. Kaniachia koti lake la baridi, eti kikohozi. Nikamwambia kule kuna baridi zaidi, achukue. Akakataa. Tumevutana mpaka basi likapiga honi. Nimerudi nyumbani nikamwita aje anifungulie mlango. Ufunguo nilikuwa nao mkononi.

Jumanne, 28 Mei
Mifuko ya udongo imerundikana maabara, wakulima wanauliza majibu. Fundi mkuu kauona udongo, kaufagia wote nje.

Ijumaa, 31 Mei
Binti kapiga simu. Huko wapo wengi, wanacheka pamoja naye, nawasikia. Nimemwambia kikohozi kimepona. Simu ilipokatika nikakohoa vizuri.

Lakini sijakaa bure! Yule mama wa kulinganisha anarudi mwakani. Safari hii tutageuza. Siku hiyo mafundi wote tunawaficha. Akikuta hatuna hata mmoja, serikali itamrudisha mwanangu upesi.

Nimewaita watu wangu, nikawaeleza. Mfagiaji kaniangalia sana, kwa upole ambao sijauzoea.

"Mama fundi," akasema, "sasa tutamficha nani?"

Wivu tu huo. Kazoea ukuu, hataki kuuachia.