Malalamiko ya Mwanafunzi wa Kuazimwa

Keko, Dar es Salaam
14 Agosti, 1953

Kwa Bwana Mkaguzi wa Vyeti vya Ufundi

Bwana Mkaguzi Mheshimiwa,

Baada ya salamu nyingi na kukuombea afya, mimi ni Marijani Mfaume, fundi seremala hapa Keko, mwaka wa kumi na tisa sasa. Tumekwisha kuonana mara tano, ila hunijui, na kosa hilo si lako. Mara nne ulinishika mkono ukaniita kwa jina lisilo langu, nami nikaitika.

Kabla sijalalamika, naomba nimtetee Bwana Ansbert, mkuu wa kituo cha kufundishia na kupimia mafundi, asije akaonekana mtu mbaya. Kwetu mgeni hapewi sahani yenye ufa. Ya nyumbani ikiwa na ufa, huazimwa ya jirani. Mgeni akala, akashukuru, akaenda zake, na sahani ikarudi kwa mwenyewe. Wewe ni mgeni wa kituo mara moja kwa mwaka. Ukitangaza kuja, mawe ya njiani hupakwa chokaa, na sisi mafundi wa barabarani hugongewa milango. Mwaka wa kwanza waliazima randa yangu. Wa pili, benchi. Wa tatu wakaona vyombo havitendi kitu bila mwenyewe, wakaniazima mimi, nisimame mahali pa mwanafunzi wao. Sikukataa. Nani atamnyima jirani sahani?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimefaulu jaribio la useremala daraja la tatu mara nne, na cheti sina. Nilifaulu nikiwa Leodegar, nikafaulu nikiwa Elinaza, nikafaulu nikiwa Gozbert, na mwaka juzi nilifaulu nikiwa mtu aliyekwisha hamia Tabora. Nilipokuwa Gozbert uliandika kwamba kijana huyu ana mkono wa ajabu, ukaniasa nisiharakishe kuoa, nijiendeleze kwanza. Bwana, kijana huyo alikuwa na wajukuu wawili. Nilipomweleza mke wangu Mwajabu ushauri wako, alinuna mpaka Idi.

2. Sasa kazi za Serikali zinataka cheti. Nilikwenda kuomba kwenye karakana moja, nikamkuta nyapara ni Gozbert mwenyewe. Aliniamkia shikamoo kwa adabu zote, akanikalisha, akaniambia kwa huruma ya kweli kwamba bila cheti hana la kunisaidia. Chake kimetundikwa ukutani, nyuma ya kiti chake. Nilikitazama kwa muda mrefu. Iliniuma, Bwana, sitaficha.

3. Basi mwaka jana nikasema liwalo na liwe, nikajiandikisha kwa jina langu. Nikaunda droo ya mninga, pembe zake zimeumana bila msumari hata mmoja. Ukaigeuza huku na huku, ukaenda kabatini, ukatoa droo ya Gozbert iliyowekwa kama kielelezo, ukazilinganisha, kisha ukaniandikia sifuri kwa kuiga kazi ya Gozbert. Bwana Ansbert alikuwa nyuma yako akitazama dari. Nami nikanyamaza, maana kusema kungekuwa kumwaibisha mwenyeji mbele ya mgeni wake.

4. Wanafunzi hawana kosa. Mbao za mwaka mzima hufungiwa stoo, wasije wakaziharibu kabla hujaja. Kazi yao kubwa ni kupaka mawe chokaa, na katika hilo ni mafundi kweli.

Mwaka huu nimejiandikisha tena kwa jina langu. Naomba unitendee moja kati ya haya. Ama unipime kwa haki, unipe cheti changu. Ama, kama madaftari ya Serikali hayafutiki, niandikwe rasmi kwamba mimi ndiye Gozbert, naye apewe jina jingine lolote lililo wazi. Atalizoea, mimi nimeyazoea manne. Na hayo yote yakishindikana, cheti kiandikwe kwa jina la mkono wangu wa kulia peke yake, nami nitautembeza popote penye kazi.

Kuazimwa tena sitaki. Nimekwisha kula kiapo mbele ya Mwajabu.

Nisalimie Bibi na watoto, karani wako, na dereva wako mpole. Mwajabu naye anakusalimu, ingawa si kwa moyo sana.

Ni mimi, mtiifu wako, leo kwa jina langu halisi,

Marijani Mfaume

Nyongeza: Nimeifungua tena bahasha. Bwana Ansbert ametoka hapa sasa hivi. Mwalimu wa useremala amepata kazi Morogoro, ameondoka, na wewe unakuja Jumatano. Ameniomba niwe mwalimu, na koti amekuja nalo. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nililijaribu mabegani tu, na Mwajabu akasema limenikaa. Kwa hiyo barua hii naomba usiisome mpaka Alhamisi. Kuna jambo moja dogo: katika orodha ya watakaopimwa yumo Marijani Mfaume, anayerudia. Mtu hawezi kukalia kiti cha mwalimu na kusimama kwenye benchi la mwanafunzi saa ile ile, basi nimemwazima jirani yangu Shomari, muuza kahawa, anishikie nafasi. Msumeno hajapata kuugusa. Bwana Ansbert amenisihi niwe mkali katika kupima, ili upendezwe na kituo. Ukiona huyo Marijani nimempa sifuri, nakuomba usimtetee. Mimi ndiye mwalimu wake, namjua.