Mfarishi Ukutani kwa Bi Shaikha

Mrisho alikuwa anajipitia uchochoroni, hana haraka wala kazi, alipouona mfarishi wa Bi Miza umeanikwa juani. Akasimama. Miaka hiyo, kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao Bagamoyo, mtu akisimama kutazama matandiko ya wenzake aliweza kudhaniwa mwizi, na Mrisho hakulipenda neno hilo. Yeye alijiita dalali. Udalali wake ulikuwa na sharti moja tu: mali iwe ya mtu mwingine.

Mfarishi wenyewe ulikuwa tandiko nene la kulalia, limejazwa usufi, na uso wake wote ni viraka: hariri nyekundu, kaniki, debwani, vimepangwa mpaka vikazaa nyota kubwa katikati. Bi Miza, mjane aliyeishi kwa kushona mito ya watu, alikuwa ameushona kwa ajili ya kitanda cha harusi ya binti yake Dija, aliyeposwa kijiji cha Miono.

"Shikamoo, Bi Miza."

"Marahaba, mwanangu. Leo umepotea njia?"

"Nina mgeni mgonjwa. Homa ya baridi inamtetemesha mpaka meno yanagongana. Niazime mfarishi huu alalie siku mbili tatu."

Bi Miza alisita. Lakini kumnyima mgonjwa tandiko aliona vibaya. Akaukunja mwenyewe, akaongeza na tangawizi ya kumchemshia. Tangawizi Mrisho aliitafuna njiani.

Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Shaikha, mke wa Azzan mfanyabiashara wa pembe, ambaye wakati huo alikuwa bara na msafara wake. Nyumba yao ya mawe ilikuwa mpya, kuta nyeupe na tupu. Jirani yake, Bi Khairat, alikuwa amezijaza kuta zake sahani za Kichina, na mji mzima ulizisifia. Jambo hilo lilikuwa linamnyima Bi Shaikha usingizi, na Mrisho alilijua.

Aliketi nje ya pazia, kwa heshima, akazungumza na kitambaa.

"Sahani, bibi," alisema kwa masikitiko, "siku hizi kule Unguja zimerudi kwenye wali. Ukutani watu wanatundika mifarishi."

"Mfarishi si wa kulalia?" sauti ya Bi Shaikha ikauliza.

"Hiyo yetu ndiyo ya kulalia. Huu umeshonwa Maskati. Ukiutandika kitandani umeutukana."

Pazia likasogea kidogo.

"Bi Khairat anao?"

"Hajapata hata kuusikia."

Biashara ikaishia hapo. Funguo za kasha Azzan alikuwa amekwenda nazo bara, kwa hiyo Bi Shaikha akalipa kwa kilichokuwapo uani: punda mweupe wa Maskati, mrefu, mwenye madaha kuliko wenyeji wengi. Tangu siku hiyo Mrisho alipita mjini juu ya punda, amevaa joho lake lenye darizi, akipokea salamu ambazo zamani alikuwa akizitoa bila kujibiwa. Bi Miza alipomuuliza habari za mgonjwa, alisema bado anatetemeka.

Kisha Bi Shaikha akamwita Bi Miza kushona mito. Mjane aliingia ukumbini, akavua viatu, akainua macho. Mfarishi wake ulikuwa ukutani, umepigiliwa misumari ya shaba, umefukizwa udi. Pembeni aliiona ile kona aliyoishona kwa kikoi cha marehemu mumewe.

"Umetoka Maskati," alisema Bi Shaikha. "Kaniletea Mrisho, nikampa punda wa bwana. Unauonaje?"

Bi Miza alipiga hatua kuuendea ukuta. Lakini wanawake waliokuwapo walikuwa wanaitazama ile nyota kwa mshangao, wakinong'onezana, na kumbe hata yeye hakuwahi kuiona kazi yake ikiwa imesimama hivyo, nzima, mbele ya macho ya watu. Ilikuwa nzuri. Hakuwa na moyo wa kuibandua.

"Fundi wake ana mkono," alisema, akaketi kushona mito.

Jioni alimkuta Mrisho kibarazani kwake, ana furaha kupita kiasi. Bi Khairat alitaka mfarishi mkubwa kuliko wa jirani.

"Mgonjwa wangu amepata nduguze," alisema Mrisho. "Wote wana homa. Nishonee mwingine, mama, nitakulipa."

"Nitakushonea," alisema Bi Miza kwa upole. "Na hilo joho limefumuka kwapani. Niachie na kanzu zako pia, nizitengeneze."

Mrisho akamwachia vyote, akabaki na shuka.

Kazi ilipokwisha, Bi Miza alimkabidhi furushi lililoshonwa kwa kaniki pande zote. "Usilifungue njiani, lisiingie vumbi. Joho nimelifua, bado bichi. Na punda niazime leo nikachukue usufi Miono, miguu yangu si ya safari."

Mrisho, aliyekuwa anawaza malipo tu, akamsaidia hata kupanda.

Kwa Bi Khairat alilisukuma furushi chini ya pazia, akakaa kusubiri sifa. Alisikia nyuzi zikikatwa.

"Mrisho," ilisema sauti ya Bi Khairat, "huu una mikono."

"Ndio mtindo wa Maskati, bibi."

"Na mfuko?"

"Mifarishi ya fahari yote ina mfuko."

"Mfukoni mna kopo la ugoro."

Mrisho alijipapasa kiunoni, hakulikuta kopo lake. Nyuma ya pazia vicheko vya wanawake vilianza kidogo kidogo.

"Joho lako liko wapi leo?" aliuliza Bi Khairat.

"Kwa fundi."

"Basi fundi ameshalimaliza. Ukubwa unatosha, na darizi imekaa vizuri katikati. Nitautundika mlangoni, kila mgeni auone." Mkono ukatoka chini ya pazia, ukamrudishia ugoro wake, na malipo ndiyo hayo.

Alikimbilia kwa Bi Miza, akakuta mlango umefungwa. Jirani, mzee Mwishehe, alimwambia mjane amekwenda Miono kumwoza binti yake, na hakuonekana mtu wa kurudi mapema. Mrisho akashika njia kwa miguu, na shuka yake, akimtukana kila punda aliyekutana naye.

Alifika Miono kesho yake, ngoma zimepamba moto. Punda mweupe alikuwa amefungwa mbele ya nyumba ya bwana harusi, amevikwa ushanga. Mrisho alifungua kinywa kudai, akakumbuka kwamba ingebidi aeleze mbele ya wakwe amempataje. Akakifunga.

Bi Miza alimwona. Alimsogezea mkeka na sinia la pilau.

"Karibu, mwanangu. Mgonjwa wako hajambo?"

Mrisho alilitazama sinia. Alikuwa hajala tangu jana.

"Amepona," alisema, akanawa mikono.

"Alhamdulillahi. Punda ni wa Dija. Wewe kula, bado una safari."

Akala. Nyama ilipokwisha, akaomba aongezewe.