Nyumba ya Digrii Ishirini na Tisa

Wakazi wote wa Thamesmead, mtaa wa ughaibuni, walitangaziwa, katika majira ya baridi ya mwaka 2004, kwamba baridi imefutwa. Idara ya Joto Lenye Akili ilikwisha kutundika katika kila nyumba kidude cheupe kiitwacho kihisi, kazi yake kupima joto na kupeleka habari makao makuu, ambako mashine huamua nani awashiwe na nani azimiwe. Binadamu, kwa udhaifu wake wa kuhisi ovyo, aliondolewa katika shughuli hiyo.

Kanuni tukufu ya idara aliitunga Bwana Fanuel, Naibu Mkurugenzi, mzaliwa wa Dodoma: kihisi kisiposema neno jipya, neno lake la mwisho ndilo la kweli. Basi kihisi cha Bi Mwanamwema, Mpemba wa ghorofa ya nne, kilipokufa mwezi wa Agosti kikisema ishirini na tisa, nyumba yake ilibaki Agosti. Barafu iliota dirishani. Mumewe, Mzee Jaffar, mgonjwa wa kifua, alikohoa hadi kitanda kikalia. Idara ilimjulisha bibi, kwa adabu zote, kwamba mzee anakohoa kwa joto.

Malalamiko yalipozidi, Bwana Fanuel alikwenda mwenyewe kuelimisha umma.

"Karibu, mwanangu," alisema Bi Mwanamwema. "Lete koti. Mgeni hakai na koti katika nyumba ya digrii ishirini na tisa. Watu watasema hatuna heshima."

Kukataa kungekuwa kukikana kihisi. Akavua. Koti likapelekwa chumbani, likamfunika Mzee Jaffar kifua. Mgeni alifunguliwa dirisha, akakabidhiwa kipepeo cha ukili, akaletewa sharubati ya ukwaju yenye barafu, kwani joto kama lile, alieleza bibi, huua watu. Akanywa. Akajipepea. Alifafanua ubora wa mfumo mpaka meno yakaanza kumkatia maneno.

"Hujambo lakini, mwanangu?"

"Sijambo, mama," alijibu, midomo imekuwa zambarau.

"Na yule wa ukutani husema hivyo hivyo. Naye kafa tangu Agosti."

Naibu Mkurugenzi alilitafakari jambo hilo kwa kina, kisha akaomba koti lake. Akaambiwa limelala na mgonjwa, litaamka joto likipanda. Akapiga simu makao makuu, akaamuru nyumba iwashwe. Karani wake, Balwinder, alimsikitikia: mashine imekataa, kwa kanuni ya Naibu Mkurugenzi mwenyewe, tena akamwuliza kama ana homa, maana sauti inatetemeka na skrini yaonyesha yuko penye joto tele.

Ndipo ilipozaliwa kanuni mpya, kwa sauti ya mtu anayejipigapiga mabega: kihisi kinachorudia neno lile lile siku kutwa kihesabiwe maiti, na nyumba ipewe joto la wastani hadi fundi afike.

Mabomba yakanguruma. Bi Mwanamwema alifunga dirisha, akamletea mgeni chai ya tangawizi. Koti halikurudi siku ile. Mzee Jaffar alikuwa amelala bila kukohoa, na Bwana Fanuel hakuwa na kanuni ya kumwamsha.