Pikipiki Ni Cherehani Yenye Magurudumu

Jumatatu, 3 Juni

Shemeji kapita asubuhi, mdomo umetangulia mwili. Anasema kaka yake, mume wangu, kampigia simu kutoka huko kazini: Jumamosi aje aikague pikipiki. Akikuta oili haijabadilishwa, aichukue akae nayo mpaka mwenyewe arudi. Mwenyewe ana miezi minane hajarudi.

Bila pikipiki, sare za shule ninazoshona nazipeleka kichwani, binti yangu mgongoni, na kilima kile. Ana miaka mitatu. Tunamwita Chiriku kwa kuwa hanyamazi.

Nimwite fundi wa kona? Yule na shemeji ni chanda na pete. Nitabadilisha mwenyewe. Miaka sita naihudumia cherehani yangu kwa mkono wangu, haijawahi kunilaza njaa. Pikipiki ni nini? Cherehani yenye magurudumu.

Jumanne, 4 Juni

Nati ya chini ilikataa spana. Ikakubali spana na mchi. Oili ikatoka nyeusi kama roho ya mtu ninayemjua. Nilikuwa sijaandaa chombo. Nikavuta beseni la kuogea la Chiriku. Akalililia. Nikambembeleza, kisha nikamkanya: hili ni letu wawili, bibi asisikie. Akaitikia kwa kichwa.

Pikipiki imeegemea stendi yake ya pembeni kama mlevi aliyeshika ukuta. Nikamimina oili mpya. Kijiti cha kupimia kinasema bado. Nikaongeza. Bado. Nikaongeza. Chupa moja na nusu. Cherehani hunywa matone matatu. Mnyama huyu ana kiu.

Saa kumi mama mkwe akaja. Hajaketi, Chiriku keshamweleza kwamba mama kamwogesha pikipiki na maji yamekuwa machafu.

Jumatano, 5 Juni

Moshi. Mweupe, mzito, nyuma yangu njia nzima. Jirani muuza mkaa alitoka akaniuliza ninachoma nini, maana kazi hiyo ni yake. Fundi wa kona aliinua kichwa. Nikapita kama simjui.

Shuleni mwalimu mkuu alinusa sare, akauliza kama nyumba imeungua, akanipa pole. Niliipokea. Mwaka huu sijapewa nyingine.

Nimetafakari. Ni uchafu wa zamani unatoka, kama mtoto aliyepewa dawa ya minyoo.

Alhamisi, 6 Juni

Leo oili ya breki. Iko kwenye kikopo kidogo pale kwenye usukani. Nilinyonya ya zamani kwa bomba la dawa ya kikohozi ya Chiriku, nikatia mpya. Kazi safi. Matone kidogo yakaangukia tangi. Nilipoyafuta, pakang'aa. Basi nikalipaka tangi lote.

Jioni rangi inabanduka kama ngozi ya aliyeungua. Rangi nyekundu, ambayo baba Chiriku aliichagua kabla hajanichagua mimi. Nilikaa kizingitini nikaitazama mpaka uji ukaungua.

Halafu akili ikarudi. Nimeshona kifuniko cha tangi kwa pazia la chumbani. Maua ya bluu, pindo mara mbili. Sasa jua litaingia chumbani bila hodi, lakini tangi limesitirika.

Ijumaa, 7 Juni

Breki ya mbele inapiga yowe nikiishika. Shemeji hana akili, ila masikio anayo. Cherehani ikilia, unatia tone panapozunguka. Kinachozunguka hapa ni ile sahani ya chuma kwenye gurudumu. Nikaitia oili ya cherehani pande zote mbili, kichupa kizima. Nikaizungusha kwa mkono. Kimya, kama mtoto aliyeshiba.

Mchana nikajilaza na Chiriku. Nikamwambia mama yake ni fundi. Akauliza fundi wa nini. Nikamwambia alale.

Jumamosi, 8 Juni

Shemeji kaja na mama mkwe awe shahidi. Akaizunguka pikipiki, akauliza inaolewa wapi, mbona imevikwa maua. Hakufunua. Akatazama oili, akakiri ni mpya. Nikaanza kupumua.

Akasema bado breki. Akaipanda, akateremka nayo kuelekea kwa jirani, akashika breki ya mbele. Haikulia. Wala haikusimama. Ilipita na kamba yangu ya nguo, ikaingia kwenye mkaa wa jirani. Shemeji alitoka mweusi, gauni langu shingoni. Mama mkwe alimwita mara tatu ndipo akamtambua.

Ameumia goti tu. Nilimwosha mwenyewe. Nilikuwa nafikiria kiti cha nyuma, anapokaa Chiriku. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Kifuniko kimechanika, tangi limebaki uchi. Mama mkwe akampigia mwanawe. Aliuliza hali ya ndugu yake, kisha hali ya tangi. Orodha ikaishia hapo. Akaamua pikipiki iondoke. Chiriku akaomba simu, akamsimulia baba kila kitu kuanzia beseni.

Jumapili, 9 Juni

Wameichukua. Shemeji kashika usukani akichechemea, fundi wa kona anasukuma nyuma. Chiriku aliipungia mkono mpaka ikakata kona. Mimi nilikuwa na kazi ya kutazama ukuta.

Fundi alikuwa amenivuta kando akanieleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba oili hupimwa pikipiki ikiwa imesimama wima, na ile sahani ya breki haiguswi na mafuta hata kwa ndoto. Kila mashine ina mafuta yake, mama Chiriku, akasema. Maneno ya kutafutia wateja.

Kesho mashati meupe thelathini yanatakiwa shuleni. Kwa miguu. Na cherehani leo imekuwa nzito, inakwama kila mshono. Oili yake niliimaliza Ijumaa. Duka limefungwa. Nilikaribia kukata tamaa, jicho likaangukia ile nusu chupa iliyobaki. Oili iliyoweza kutubeba mimi, mtoto na furushi la sare mpaka juu ya kilima, itashindwa na sindano?

Nimeimimina yote. Inateleza vizuri ajabu. Shati la kwanza limepita.

Chiriku kasimama pembeni, anasema shati linatoa machozi ya manjano. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Ni uchafu wa zamani unatoka.