Kimanda cha Fusae na Hesabu ya Kumi na Tano

Kuramochi Eisaku,
Ghorofa ya juu, lililokuwa Duka la Tofu la Kuramochi,
Osaka.

6 Novemba

Kwa Mheshimiwa Kusakabe,
Mkurugenzi wa Maonyesho ya Pamoja,
Chama cha Mieleka cha Naniwa na wenzake wa Marekani.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU PAMBANO LA JUMAPILI NA UTULIVU WA NYUMBA YANGU

Mheshimiwa,

Majani ya miti ya barabarani yameshaanza kuwa ya njano, na ni matumaini yangu kwamba baridi hii haijakuingia kifuani na kwamba wapiganaji wako wote bado wana viungo vyao kamili. Mimi ni mzima. Mke wangu Fusae ni mzima kupita kiasi, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Naandika nikiwa nimefunga dirisha, kwa sababu utakazozielewa mbele.

Usije ukanidhania mzushi wa mtaani. Mimi na Fusae tumekalia viti namba 14 na 15, safu ya tatu ya ukumbi wenu, kwa miaka thelathini na moja. Isitoshe, mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha wasokota riboni. Zile riboni za karatasi zinazorushwa ulingoni mpiganaji anapotajwa jina hazishuki zenyewe kutoka darini. Sisi wazee kumi na mmoja tunazinunua, tunazikunjua, tunatoa kile kipande kigumu cha katikati kisije kikamtoa mtu jicho, kisha tunazisokota upya kwa mkono, kila mpiganaji rangi yake. Mtu mwenye subira hiyo haandiki malalamiko kwa hasira. Nina hasira, lakini siandiki kwa hasira.

Fusae niliyemleta ukumbini kwenu Jumapili alikuwa mwanamke mtulivu. Zamani hakuwa hivyo. Miaka thelathini na minane alisimama mlangoni pa duka letu akinadi tofu yetu ya maharage ya soya, na sauti yake ilifika mpaka kituo cha treni. Magoti yalipotushinda tukafunga duka, mwaka juzi, wakati wa maua. Tangu siku ile alinyamaza. Ukimuuliza jambo anajibu "ndiyo" au "bado". Alikuja kwenye mieleka kwa mazoea, akafunga chakula kwa mazoea, akapiga makofi wenzake wakishamaliza. Ninachodai kwenu ni kimoja tu: mnirudishie nyumba tulivu niliyokuwa nayo hadi Jumapili, saa tisa alasiri. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu riboni. Kwa heshima ya mgeni tulisokota riboni mia mbili za zambarau kwa ajili ya Bwana Leland Stroud wa Oklahoma, mnayemtangaza kwa jina la Tingatinga la Tulsa: kilo mia moja na arobaini, ndevu mpaka kifuani, na kazi yake ni kuchukiwa. Jina lake lilipotajwa tukarusha. Inaelekea huko kwao mtu akirushiwa vitu ni kwa sababu hapendwi, kwa hiyo alifurahi sana. Akaziokota, akaturushia sisi. Moja ilinipiga kwenye paji la uso. Nakiri haikuniuma, maana kipande cha katikati nilikitoa kwa mikono yangu mwenyewe, lakini hiyo ni sifa ya kazi yetu na wala si ya onyesho lenu.

2. Kuhusu adabu. Mtafsiri wenu akamnong'oneza kwamba riboni ni heshima. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Tingatinga alizunguka pembe zote nne za ulingo akiinama. Kisha akachomoa kikaratasi kwenye kiatu, akakisoma, akainama tena, chini zaidi. Nani alimpa kikaratasi kile? Nilikuwa karibu na nilikiona: orodha ya mambo ya kufanya na kutofanya Japani. Tangu hapo akimkanyaga Minobe Daigo shingoni, anainama. Akimvuta nywele, anamwomba radhi mwamuzi. Minobe ni wetu, tunamshangilia tangu alipokuwa na nywele nyingi zaidi za kuvutwa, na tulikuja tumejiandaa kumchukia yeyote atakayemgusa. Bi Sakon wa kiti namba 16 aliniinamia akaniuliza, "Mzee Kuramochi, huyu tumzomee au tumkaribishe chai?" Nimezomea watu tangu ujana wangu, Mheshimiwa, na hiyo ni mara ya kwanza nimezomea huku nimeinama.

3. Kuhusu hesabu. Kwetu mpiganaji akianguka nje ya ulingo mwamuzi huhesabu mpaka ishirini kabla ya kumtangaza ameshindwa. Kwao huhesabu mpaka kumi. Naambiwa mlikaa kikao siku mbili, ninyi na Wamarekani, kila upande ukashikilia namba yake, mwisho mkakubaliana kumi na tano. Kumi na tano! Namba isiyo ya kwao wala ya kwetu. Ni kama kuwaalika watu wa wali na watu wa mkate, halafu uwapikie wote karatasi. Na hamkututangazia. Mimi nilijua baadaye, wakati kila kitu kimeshaharibika.

4. Kuhusu kimanda. Hili ndilo lenyewe, kwa hiyo naomba ulisome umekaa.

Saa tisa kamili Minobe alimbeba Tingatinga akamtupa juu ya kamba, na yule bwana akaja upande wetu. Watu wenu wa ulinzi wakapiga kelele, "Tupisheni! Tupisheni!" Safu nzima ikapisha. Mimi pia nilipisha, na upesi kuliko magoti yangu yanavyoruhusu. Fusae hakupisha. Tingatinga akatua kwenye kiti changu, namba 14, akapumua, akatazama kulia, akakuta mke wangu amekaa wima na mkebe wa chakula mapajani.

Mtu mkorofi wa kawaida angeumwaga ule mkebe. Ningemwelewa, na malalamiko haya yasingekuwepo. Lakini huyu aliinamisha kichwa, akaunyanyua kwa mikono miwili, akaufungua, akachukua kipande cha kimanda cha kukunja. Kipande changu, cha pembeni, kile chenye ukoko. Akatafuna huku watu mia nane wanamtazama. Kisha akamgeukia Fusae na kumuuliza, kwa Kiingereza chake, neno ambalo hata mimi nalijua. Aliuliza kama hakuna sukari.

Mheshimiwa, wewe ni mtu wa Osaka. Nisikueleze kimanda cha hapa kinatiwa nini. Hakitiwi sukari kama cha Tokyo; kinapikwa kwa mchuzi wa samaki mkavu na mwani, mchuzi ambao mke wangu anauchemsha tangu alfajiri na haruhusu mtu kuufunua. Niliona bega lake likitikisika. Nikadhani analia, nikaanza kurudi kwenye safu. Hakuwa analia.

"Sukari?" alisema Fusae. Kisha akasimama na kulirudia kwa ile sauti ya mlangoni, sauti ya kufika kituo cha treni. "SUKARI? Ukitaka sukari panda treni uende Tokyo, jitu zima hovyo!"

Ukumbi ulilipuka. Bi Sakon alicheka mpaka miwani ikaanguka. Tingatinga akataka kuinuka kurudi ulingoni, na kwa haki mwamuzi alikuwa ameshafika saba. Fusae alimshika ukanda wa begani wa vazi lake. "Unakwenda wapi? Umeshaonja, utamaliza. Na achari nazo. Nani alikulea wewe?" Yule bwana alichungulia kiatuni, akasoma kile kikaratasi, na nina hakika kilimwambia kwamba chakula cha mama mtu mzima hakiachwi nusu. Akakaa. Akala achari za figili. Akala wali. Kila akitaka kusema kitu Fusae anamwongezea. "Tafuna! Usimeze kama bata!" Sisi wote tulikuwa tukihesabu pamoja na mwamuzi huku tukiamini ana muda mpaka ishirini. Tingatinga mwenyewe nadhani aliambiwa hivyo hivyo, maana kwenye kumi na nne alikuwa bado anamwinamia kushukuru.

Kwenye kumi na tano kengele ikalia.

5. Kuhusu matokeo. Kwa hiyo Minobe Daigo, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, aliyelisubiri kombe lililoshindaniwa Jumapili kwa maisha yake yote ya kazi, amelipata kwa sababu ya figili za mke wangu. Alipokabidhiwa alilishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake. Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu. Miaka yote hii nimemrushia riboni za kijani, kumbe ningemletea achari angeshachukua makombe sita.

6. Kuhusu nyumba yangu. Jumapili jioni tulirudi kwa miguu, na Fusae aliongea njia nzima. Jumatatu aliamka akaibishia televisheni. Jumanne aliniambia kwamba nasokota riboni kama mtu anayejaza godoro, akanionyesha inavyotakiwa, na kwa bahati mbaya alikuwa sahihi. Jumatano alikwenda kwenye maduka ya mtaani, akakuta muuza figili ananadi kwa sauti ya mgonjwa, akamsogeza pembeni, akanadi yeye. Ziliisha zote. Tangu hapo yule muuza figili anapita hapa asubuhi, anasimama chini ya dirisha na kuita, "Mama Kuramochi, leo unakuja?" Jana Fusae alikwenda maktaba kuazima kitabu cha Kiingereza. Anataka kujua jinsi ya kumwambia mtu kwa lugha hiyo kwamba hana adabu lakini ana meno mazuri.

Kimanda amekipika siku nne mfululizo. Anasema Jumapili mchuzi ulikuwa mwepesi kidogo, na hawezi kulala akijua kwamba Oklahoma nzima itaambiwa hivyo.

7. Nilitaka kuandika hapa kwamba utulivu niliokuwa nao kwa miaka miwili ulikuwa mzuri. Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu na kuikata mara tatu. Nitaiacha namba saba ibaki hivi.

Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo yatekelezwe bila kuchelewa. Matokeo ya Jumapili yafutwe, na pambano lirudiwe kwa hesabu ya ishirini au ya kumi, mchague moja kama watu wazima. Bwana Stroud aniandikie barua ya kuomba radhi kwa ukorofi wake, na nyingine ya kuomba radhi kwa adabu yake, kwa kuwa ya pili ndiyo iliyoleta madhara. Kikaratasi kichomwe. Safu ya tatu izungushiwe uzio. Maonyesho ya pamoja na Wamarekani yasimamishwe moja kwa moja, na pale bandarini na kwenye uwanja wa ndege liwekwe tangazo kwamba mwanamieleka yeyote mwenye uzito wa zaidi ya kilo mia haruhusiwi kuingia Osaka kabla hajala na kushiba. Mwisho, nirudishiwe kipande changu cha pembeni, au thamani yake kwa ukoko.

Msipotekeleza, kikundi cha wasokota riboni kitagoma. Nimeshawauliza wenzangu. Tisa wamesema wanamsubiri Fusae aamue, na wa kumi ni mgonjwa.

Nawasilisha kwa heshima na unyenyekevu. Nisalimie mama wa nyumbani kwako, wakata tiketi wa mlango wa mashariki, yule mpiga kengele ambaye hana kosa, na Minobe Daigo, umwambie kwamba kombe ni kombe. Nisalimie hata mwamuzi wa Kimarekani mwenye masharubu, aliyehesabu vizuri namba mbaya. Bi Sakon naye anawasalimu, na anauliza kama kuna mtu aliyeokota skrubu ya miwani.

Ni mimi shabiki wenu wa viti vya safu ya tatu,

Kuramochi Eisaku

Tanbihi: Nimeona kwenye gazeti kwamba onyesho la pamoja la Desemba bado lipo na Bwana Stroud anarudi. Tafadhali niwekee viti namba 14 na 15, na uzio usiwekwe. Mwambie akirushwa aelekee kushoto, kama safari ile. Mkebe utakuwa wa ngazi tatu. Kikaratasi kama hakijachomwa abaki nacho, na akifika tu aulize tena habari za sukari. Asijali jibu, aulize kwa sauti. Hesabu iwe hiyo hiyo ya kumi na tano, ila mwamuzi asiwe na haraka. Riboni za zambarau ziko tayari mia nne, nusu amezisokota Fusae.

Barua hii asiijue. Nilifunga dirisha ili niandike kwa utulivu, na yeye yuko huko chini anamfundisha muuza figili kunadi. Hata dirisha likiwa limefungwa nilikuwa namsikia kidogo. Sasa nimelifungua.